Siku Niliyoipitisha Shingo ya Elia

Asubuhi ile ghalani Kibaigwa tulikuwa watu sita, na nawataja wote ili mjue nani alikuwa nani kwetu. Alikuwepo Mzee Kiondo, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye ghala na mwenye timu. Alikuwepo Mwalimu Sefu, mtu wa Tanga, aliyewafundisha wachezaji wetu karate. Dada yake ndiye mke wa Mzee Kiondo, kwa hiyo hao wawili ni mashemeji. Alikuwepo Petro Ndahani, kapteni, aliyemwoa wifi yangu Eseri. Alikuwepo Hamisi, beki, ambaye tulimwita Lumbesa kwa sababu alijaa kama gunia lililoshindiliwa mpaka likavikwa kilemba. Huyo hakuwa ndugu wa mtu, ila alipanga chumba kimoja na Elia. Alikuwepo Elia Chidawali mwenyewe, mshambuliaji, mtoto wa marehemu dada yangu Naomi, yaani mwanangu. Na mimi Raheli, mkandaji wa timu.

Ninyi wajukuu zangu siku hizi mnaitwa wachua misuli. Mna vyeti, mna mikoba yenye msalaba mwekundu, mna dawa ya kupuliza inayotoa baridi kama barafu. Sina ugomvi na dawa hiyo, nimeiona ikifanya kazi. Mmoja wenu, Neema, alikuja hapa kwangu Nzuguni akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia chuo changu kilikuwa jikoni kwa mama mkwe. Akacheka, akadhani namtania. Shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikachunge ndama. Lakini mtu niliyemshika kwa mikono hii, jina lake sijalisahau hata mmoja.

Mama mkwe wangu alikuwa Bibi Mbeleje, na watu walimletea walioteguka kutoka vijiji vitatu. Nilipoanza kujifunza kwake nilikuwa na kimbelembele. Akaletwa Yohana Masinga, kifundo kimemruka akikimbiza ng'ombe, bibi yuko kisimani. Mimi nikabandika maji, yakachemka, nikautumbukiza mguu wa watu kwenye beseni. Jua lilipozama kifundo kilikuwa kama tikiti. Bibi Mbeleje akautazama, akaniambia mbele ya mwenyewe, "Umempikia mguu. Sasa mletee na mboga."

Baada ya hapo akanifundisha. Jeraha bichi haliwekewi moto. Siku ya kwanza ni kitambaa na maji ya mtungini. Siku ya tatu ndiyo maji ya uvuguvugu na chumvi. Mafuta ya alizeti yapashwe viganjani, siyo jikoni. Anza mbali na maumivu, usogee polepole, kama mgeni anayeingia nyumba yenye mbwa. Kidole gumba kisisimame juu ya mfupa. Na jambo alilonirudia mpaka nikachoka nalo: usimtazame mgonjwa mdomoni, mtazame vidole vya miguu. "Mdomo una aibu," alisema. "Vidole vya miguu havina aibu." Kweli, mwanamume atakuambia hasikii kitu huku dole gumba la mguu limekunjamana kama kiwavi. Basi hapo ndipo penyewe.

Nimeishi kwa vidole hivyo miaka mingi. Kelele za mgonjwa na vidole vya miguu, ndiyo macho ya mkandaji.

Kuhusu timu. Miaka ile ya ruksa, mahindi yalipoachiwa watu binafsi, lile ghala la serikali nililokuwa nalifagia lilibaki na popo. Sisi wafagiaji tukapunguzwa. Mzee Kiondo akalipanga, akaleta mizani yake, malori yakaanza kulala barabarani kungojea mzigo. Makuli waliopakia malori hayo walicheza mpira jioni uwanjani nyuma ya ghala, pekupeku, wengine na kandambili mikononi. Mzee Kiondo akawanunulia jezi, timu ikawa timu. Mimi aliniita nifue jezi. Siku moja Petro akateguka nikamrudisha, basi kazi ikabadilika, ingawa kufua nako sikuachiwa.

Makuli ni watu wa ajabu uwanjani. Nguvu wanazo, pumzi wanazo, lakini hawajui kuanguka. Mtu ambaye kazi yake ni kusimama na gunia kichwani akianguka anatanguliza mkono. Msimu mmoja tulivunja viganja vitatu: cha Petro, cha Yona Mnyambwa na cha kipa wetu Anjelo. Kuli asiye na kiganja hapakii. Mzee Kiondo alikasirika, akasema timu inamlia watu wa kazi. Ndipo akamwandikia shemeji yake Tanga.

Mwalimu Sefu alikuja na begi moja na ndala. Mfupi, mkavu, anaongea taratibu. Siku ya kwanza hakugusa mpira. Akaomba magunia chakavu, akayajaza pumba za mahindi, akayatandaza ghalani, akasema, "Leo tunaanguka." Watu wakacheka.

"Mwalimu, kuanguka tunajua," Lumbesa akasema. "Tunaomba utufundishe kufunga magoli."

"Haya, anguka nikuone."

Lumbesa akaanguka, akatanguliza mkono. Sefu akaushika mkono ule ule, akauinua juu watu wauone. "Huu ungekuwa wa nne."

Akawafundisha. Kidevu kifuani, kichwa kisiguse chini. Mgongo uwe wa mviringo. Mkono mzima uchape gunia mara moja, tangu begani mpaka vidoleni, usiwe nguzo. Kisha biringika, simama. Wiki nzima ghala lilitoa vumbi la pumba kama kinu. Halafu akaja kwenye miguu. Aliwasimamisha kwa mguu mmoja huku wanapasiana mpira kwa mwingine. Akawauliza, "Ukipiga mpira, mguu mmoja uko hewani. Aliyebaki chini ni nani? Umewahi kumfundisha huyo kusimama?" Mimi nilikuwa pembeni nafua, nikasema moyoni, huyu bwana ana akili.

Nguo zao nyeupe nilizishona mimi kwa mifuko ya unga wa ngano. Maandishi yaligoma kutoka hata kwa majivu. Lumbesa makalioni palisomeka kilo hamsini, na wenzake walimwambia mfuko unadanganya, yeye ni mia na ishirini. Walifundishwa kuinama kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, heshima ya mchezo ule. Mechi ya kwanza baada ya hapo Petro alimwinamia refa. Refa akadhani anadhihakiwa, akampa kadi ya njano kabla mpira haujaguswa. Tulicheka njia nzima ya kurudi.

Viganja havikuvunjika tena. Hilo namshuhudia Mwalimu Sefu mpaka leo.

Lakini alikuwa na zoezi moja. Anawasimamisha wamekunja magoti, mapaja yamelala kama kiti, mikono mbele. Anatembea katikati yao na bua la mtama. Wanatakiwa wapumue kwa pua, watoe kwa mdomo, wahesabu pumzi, na uso usionyeshe kitu. Atakayegumia, wote wanaanza upya. Atakayekunja uso, wote wanaanza upya. Mapaja yanatetemeka, jasho linachuruzika.

"Hamisi, unalia," Sefu anasema.

"Silii mwalimu. Ni goti linajiongelea."

"Basi wote tangu mwanzo."

Wenzake walimtukana kwa macho. Baada ya mwezi hata Lumbesa alinyamaza. Hapo ndipo walipojifunza kwamba anayesema anaumwa anawaadhibu wenzake. Sefu hakuwafundisha hivyo kwa maneno. Walijifunza wenyewe kwa mapaja.

Tulibishana, mimi naye. Alikuwa akiniambia, "Mama Raheli, wewe unawadekeza, mimi nawakomaza." Namjibu, "Baba, komaza, ila nami niachie sauti zao, ndizo ninazofanyia kazi." Anatabasamu. Hatukuwa maadui. Alikuwa na mgongo mbovu, na Jumapili nikitoka kanisani alikuja nimkande. Analala kifudifudi kimya kama gogo. Nagusa huku, nagusa kule, vidole vya miguu vimetulia. Inabidi nimuulize, "Ni hapa, mwalimu?" naye anajibu, "Umeshapapita." Nilicheka tu. Wajukuu zangu, ilinipasa nisicheke. Ilinipasa nijiulize, kama mwalimu yuko hivi, hao wanafunzi wake nitawasomaje?

Sasa sikilizeni utaratibu wetu. Mchezaji aliyeumia hakucheza mpaka nimpitishe. Namkanda, nikiridhika nampiga makofi mawili mgongoni kwa kiganja kilicho wazi, nasema "Haya." Bila hilo hachezi, hata Mzee Kiondo aseme. Aliwahi kusema. Nilimkatalia Anjelo siku ya mechi ya Kongwa, Mzee akafoka, nikakaa juu ya jezi nikamwambia aninyanyue mwenyewe azichukue, au amwache Anjelo. Akamwacha. Tulifungwa manne, lakini Anjelo ana kiganja mpaka leo. Kwa hiyo msije mkasema sikuwa na uwezo wa kukataa. Nilikuwa nao.

Elia nilimlea tangu dada yangu Naomi alipofariki. Alikuwa mrefu, mwenye haya, anaruka juu kwa kichwa kuliko mtu yeyote niliyemwona. Alikuwa anasikia ukali wa gunia kuliko wengine. Hakuzaliwa na mwili wa ukuli. Ikaja habari kwamba kwenye mechi yetu na timu moja ya mjini Dodoma atakuwepo mtu wa timu kubwa ya Dar es Salaam, na anakuja kumtazama Elia. Kijana wangu alibadilika. Akawa anaamka anakimbia barabarani kabla ya kwenda mizani. Aliniambia mara moja tu, tunachambua mboga: "Mama mdogo, nikipata hii sibebi tena." Hakusema zaidi.

Siku mbili kabla ya mechi alikuwa anashusha mzigo, gunia la lumbesa likamteleza mwenzake juu ya lori, likamwangukia Elia kati ya shingo na bega. Alisimama, akajikung'uta, akaendelea kushusha. Sikuambiwa. Petro ndiye aliyegundua asubuhi ya mechi. Alimwita kwa nyuma, akaona Elia anageuka mwili mzima kama ng'ombe aliyefungwa nira. Akamleta ghalani.

"Shemeji, mtazame huyu," Petro akasema. "Shingo haigeuki."

"Nimelalia vibaya," Elia akasema.

"Amelalia gunia," Lumbesa akasema. "Mimi nilikuwa juu ya lori. Ni mimi niliyeliachia."

Nikamkalisha juu ya magunia ya pumba. Mzee Kiondo alisimama mlangoni, lori lilikuwa nje na wachezaji wameshapanda. Sefu alisimama mbele ya Elia, mikono nyuma.

Nikapasha mafuta viganjani. Nikaanza mbali, kiwiko, mkono wa juu, bega. Elia akaanza kupumua, kwa pua, kwa mdomo, polepole. Nikatazama miguu. Vidole vimetulia, vimelala juu ya sakafu kama vya mtoto aliyesinzia. Nikapanda shingoni. Pumzi ile ile. Chini ya sikio, nyuma, kidole changu kikakutana na kitu ambacho sikukijua, ugumu mdogo mahali pasipotakiwa kuwa na ugumu, na ngozi yake ina joto.

"Elia, hapa panauma?"

"Hapana, mama mdogo."

"Safi," Sefu akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa na fahari naye.

Dereva akapiga honi. Nikauliza tena, karibu na sikio lake, kwa sauti ya chini. Hakujibu kwa mdomo, alipumua tu, nami nikaichukua ile pumzi kuwa jibu. Mkono wangu haukuridhika. Nawaambia kweli, mkono haukuridhika. Lakini macho hayakuona kitu, masikio hayakusikia kitu, na huyu ni mwanangu anayetaka jambo moja tu duniani, na lori linanguruma. Nikampiga makofi mawili mgongoni. Nikasema, "Haya."

Mechi ilikuwa nzuri. Elia alifunga la kwanza kwa mguu. Kipindi cha pili ikaja krosi, akaruka na beki wao, wakagongana hewani. Alianguka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Kidevu kifuani, mkono ukachapa chini, akabiringika kama alivyofundishwa, watu wakapiga makofi. Sisi tulingoja asimame. Alibaki amelala ubavu, macho wazi. Nilipomfikia akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama mdogo, mkono wangu uko wapi?"

Mkono ulikuwa pale, nimeushika mimi.

Sefu alipiga magoti, akakishika kichwa chake kwa viganja viwili, akasema asiguswe, asivutwe, uletwe ubao. Wakang'oa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, tukamtelezesha juu yake. Huyo mtu wa Dar es Salaam alisaidia kuubeba mlango. Jina lake lilikuwa Bwana Mathias, na alikaa nasi hospitali mpaka jioni. Daktari alitutoa nje, akatuambia mfupa wa shingo ulikuwa na ufa tangu siku mbili nyuma, na huku kuanguka kumeumalizia. Akauliza, "Nani alimruhusu acheze?"

Sefu akasema, "Mimi." Nikasema, "Mwongo huyu. Ni mimi."

Elia aliishi. Mkono wa kulia ukalegea, haukurudi, na mguu wa upande ule akawa anauburuta. Mpira ukaisha, na magunia yakaisha, hilo la pili alilipata. Lumbesa akahamia Morogoro. Hakuaga mtu, aliacha godoro lake kwa Elia. Sefu alikuja kwangu kabla hajarudi Tanga. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai. Akasema, "Nilidhani wanajua kwamba kunyamaza kule ni kwa ajili ya mchezo tu." Nikamwambia, "Na mimi nilidhani naona." Tangu hapo sijamwona.

Niliacha kukanda kwa miaka miwili. Niliporudi nilirudi na njia nyingine, na hii ndiyo nataka mwichukue, hata mkiacha mengine yote. Usimkande mchezaji aliyenyamaza. Mwambie akusimulie. Mwulize kwao wanalimaje, nani alimfunga nani, mama yake anapika nini. Au mwambie aimbe, hata wimbo wa kanisani. Mtu anaweza kuzuia uso, anaweza kutuliza vidole, anaweza kuhesabu pumzi, lakini hawezi kusimulia na kuhesabu kwa pamoja. Sauti ikikatika katikati ya neno, ondoa kidole, na mtu huyo siku hiyo hachezi. Neema, wewe uliniuliza nilisomea wapi. Hili nimelisoma kwenye shingo ya Elia.

Elia alikuja kuhamia Mkonze, akaoa, akafuga kuku, akawafungulia na kuwafungia kwa mkono wa kushoto. Alipoanza kuugua kifua nilikuwa naenda kumwona. Siku moja tumekaa wawili kibarazani, nikamwambia, "Baba, nikuulize jambo la zamani."

"La ghalani," akasema.

"La ghalani."

"Niliumwa tangu ulipofika begani. Ulipogusa chini ya sikio niliona giza. Nikahesabu pumzi, nikafika kumi na moja."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia."

"Ndiyo hivyo, mama mdogo." Akafukuza jogoo aliyepanda kwenye ndoo ya maji. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Ila uliniuliza mara moja tu. Ungeuliza mara ya pili nadhani ningesema. Ya kwanza nilikuwa nimejiandaa nayo."

Sikubishana naye. Mgonjwa habishiwi. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa, tukamzika huko huko Mkonze.

Lakini mimi nakumbuka mara mbili. Nakumbuka honi, nakumbuka nilivyoinama, nakumbuka harufu ya mafuta sikioni mwake. Labda honi ilifunika sauti yangu. Labda niliuliza moyoni, na kwa miaka yote hii nimeweka sauti pale ambapo hapakuwa na sauti, kwa sababu bila hiyo nisingelala. Mzee Kiondo amefariki, Petro amefariki. Mwalimu Sefu, kama u hai, ulisimama hatua moja kutoka kwetu. Hamisi, nawe ulikuwepo. Na ninyi watoto wao, kama baba aliwahi kuwasimulia asubuhi ile, nitafuteni Nzuguni. Jina nikiwa nimekosea, nirekebisheni. Nani alisimama wapi, nirekebisheni. Na kama niliuliza mara moja, msinionee huruma kwa uzee wangu. Niambieni ilikuwa mara moja.